Ugomvi wa Utemi wa Unyanyembe: Nani Aliyemsimulia Mnywa Sere?

Utangulizi

Makala haya yanakusudia kueleza ugomvi wa watemi wawili wa Unyanyembe, Mnywa Sere na Mkasiwa, waliogombea kiti kimoja tangu mwisho wa miaka ya 1850 hadi mwaka 1865. Aidha, yanakusudia kuonyesha jinsi ugomvi huo ulivyoingia katika maandishi, na nini kilipotea njiani. Najua wapo watakaouliza mwanafunzi wa fasihi anatafuta nini katika shamba la wenzake wa historia. Naomba wanivumilie, jibu liko mbele.

Kwanza nieleze nilivyofika huku. Mwaka wa pili tulikuwa na semina juu ya Makbeth, ile tafsiri ya S. S. Mushi iliyotoka mwaka 1968. Mwalimu akatutaka kila mmoja wetu atoe mfano wa ugomvi wa kiti kutoka kwao. Wenzetu wa Pwani wakataja Pate na Lamu. Wa Kagera wakataja watawala wao. Zamu yangu ilipofika nikasema natoka Itigi, Mkoa wa Singida, na kabla sijaendelea mwenzangu mmoja akadakia, "Singida kuna nini zaidi ya alizeti na vitunguu?" Darasa likacheka. Mimi pia nikacheka, maana kwa kweli sikuwa na la kujibu.

Jibu nililipata baadaye maktabani, katika kitabu cha safari cha Speke nilichokuwa nakisoma kwa ajili ya kazi nyingine kabisa. Nikakuta mtemi aliyenyang'anywa kiti chake anatangatanga na wafuasi wachache wenye bunduki katika pori liitwalo Mgunda Mkali. Nikasimama hapo. Mgunda Mkali ni kwetu! Ni lile eneo kavu la katikati ya Ugogo na Unyamwezi, ambalo sehemu yake kubwa leo imo katika Singida ya kusini, huku Manyoni na Itigi. Basi ugomvi wa kiti ulikuwa umepita mlangoni petu, na mimi nilikuwa nacheka pamoja na waliokuwa wananicheka.

Kiti chenyewe

Unyanyembe ulikuwa utemi mmojawapo kati ya temi nyingi za Wanyamwezi. Kwa ukubwa wa ardhi haukuwa kitu cha kutisha. Kilichoupa uzito ni mahali ulipokaa. Njia kuu ya misafara iliyotoka Bagamoyo ilipita Ugogo, ikakata Mgunda Mkali, ikafika Tura, halafu Kaze, yaani Tabora ya leo. Hapo iligawanyika: moja kwenda Ujiji, nyingine kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda. Mwanzoni mwa miaka ya 1850 wafanyabiashara Waarabu kutoka Zanzibar walikuwa wamekwisha kujenga nyumba zao Kaze, wakalima bustani, wakaweka maghala ya pembe na nguo. Burton na Speke walipofika mwaka 1857 walipokewa na mmoja wao, Snay bin Amir.

Mtemi wa wakati huo aliitwa Fundikira. Sasa ni vizuri tuelewe utemi ulikuwa nini. Mtemi hakuwa mfalme wa kukaa juu ya watu na kuamuru tu. Wazee wa nchi ndio waliomteua kutoka katika ukoo wa kitemi, na alitarajiwa kuamua mashauri na kuhakikisha mvua na mazao vinakwenda sawa. Katika sehemu nyingi za Unyamwezi warithi wa zamani walikuwa watoto wa dada wa mtemi, lakini katika karne ya 19 watoto wa mtemi mwenyewe nao walianza kudai kiti. Kwa hiyo mtemi alipokufa hapakukosekana mtu wa kusema, "Na mimi je?" Palikuwa daima na wadai wawili watatu, na kila mdai alikuwa na hoja.

Katika mazingira ya kawaida wazee wangekaa, wangevutana, na mwisho wangekubaliana. Lakini Unyanyembe haukuwa tena katika mazingira ya kawaida. Pale Kaze palikuwa na watu wenye bunduki nyingi, baruti nyingi, na maslahi makubwa katika swali la nani atakaa kitini. Hapo ndipo ugomvi wa ndani ya ukoo ulipopata mkono wa nje.

Ugomvi

Fundikira alifariki mwishoni mwa miaka ya 1850, na aliyemrithi ni Mnywa Sere. Kwa mujibu wa Speke, mtemi huyu mpya alitaka mali iliyoingia katika nchi yake ilipiwe ushuru. Wafanyabiashara wakakataa. Mambo yakaharibika, mapigano yakazuka, na karibu mwaka 1860 Mnywa Sere akaondolewa. Mahali pake pakawekwa Mkasiwa, naye wa ukoo huohuo, ambaye hakuwa na mpango wa kuwasumbua wenye maghala.

Mnywa Sere hakukubali. Alitoka na wafuasi wake akaishi njiani, Mgunda Mkali na Ugogo, akitafuta marafiki na kuvizia misafara. Mtemi aliyenyimwa haki ya kuitoza njia akaamua kuifunga njia yenyewe. Biashara ikaumia. Mwaka 1861 Snay bin Amir, yule mwenyeji wa Burton, aliuawa vitani. Mwaka huohuo Speke, aliyekuwa amekwama Kaze kwa kukosa wapagazi, alijaribu kusuluhisha, ikashindikana. Vita vikaburuzwa hadi mwaka 1865, Mnywa Sere alipokamatwa na kuuawa.

Mkasiwa alibaki kitini mpaka mwaka 1876. Lakini hebu tuangalie alibaki vipi. Mwaka 1871 Mirambo alipoanza vita yake na Waarabu wa Tabora, Mkasiwa alijikuta upande wa waliomsimika, kwa sababu hakuwa na upande mwingine wa kwenda. Mwezi Agosti mwaka huo Mirambo aliingia Tabora, akaua na kuchoma nyumba, na Stanley, aliyekuwa ameingia katika vita hiyo upande wa Waarabu, akashuhudia. Baada ya Mkasiwa alikuja mwanawe Isike. Huyu naye aligombana na waliokuja na bunduki kubwa zaidi, yaani Wajerumani. Mwezi Januari 1893 majeshi ya Tom von Prince yalipovunja boma lake, Isike aliwasha baruti humohumo ndani kuliko kushikwa. Wajerumani wakamsimika Nyaso, mwanamke wa ukoo huo.

Ukiiangalia orodha hii kwa makini utaona jambo moja linajirudia. Kutoka Mnywa Sere kwenda Mkasiwa, na kutoka Isike kwenda Nyaso, kiti kilipata mtu mpya kwa nguvu ya mgeni. Wagombea walikuwa ndugu, lakini mwamuzi hakuwa ndugu yao.

Simulizi ya Speke

Sasa tuje kwenye fasihi. Habari za Mnywa Sere zimetufikia kupitia maandishi ya namna mbalimbali, nami nitachukua mawili: kitabu cha safari cha Speke kilichotoka mwaka 1863, na wasifu wa Hamed bin Muhammed el-Murjebi, maarufu Tippu Tip.

Speke alikutana na Mnywa Sere ana kwa ana mwezi Januari 1861, hukohuko Mgunda Mkali. Anamsifu kwa uzuri wa sura na ujana wake, halafu anasema anafanana kabisa na jemadari wa majambazi katika hadithi za kimapenzi za Ulaya. Wengi tungelipita hilo kama pambo tu la lugha. Mimi naliona ndilo jambo zito kuliko yote katika ukurasa ule. Mtu huyu ni mtemi anayedai haki yake. Lakini msimulizi tayari ana kabati la wahusika aliokuja nao kutoka kwao, na mtemi aliyeondolewa kitini hakuwamo. Jambazi mzuri wa sura alikuwamo. Basi akampa vazi hilo. Hata jina lake Speke alilifasiri kwamba ni mnywaji, na msomaji wa London akabaki na picha ya kijana mzuri, mlevi kidogo, anayezurura porini.

Kwa upande mwingine lazima tumtendee haki Speke. Yeye ndiye aliyeandika malalamiko ya Mnywa Sere: kwamba alikuwa mtemi halali, kwamba alidai ushuru, kwamba wafanyabiashara wakaleta mtu wao. Bila kitabu kile tusingekuwa na hata hayo. Ila tukumbuke maneno yenyewe yalipita wapi. Mkalimani mkuu wa Speke alikuwa Sidi Mubarak Bombay, na wawili hao walizungumza Kihindustani. Kwa hiyo kilio cha mtemi wa Kinyamwezi kilipita katika Kiswahili, kikapita katika Kihindustani, kikaandikwa kwa Kiingereza. Sisi tukikirudisha katika Kiswahili ni safari ya nne. Wanafunzi wa tafsiri wanaelewa kinachoweza kudondoka katika safari kama hiyo.

Simulizi ya Tippu Tip

Wasifu wa Tippu Tip ni jambo tofauti. Huu ni miongoni mwa maandishi ya kwanza ya wasifu katika nathari ya Kiswahili. Mwenyewe alikuwa mzee Zanzibar alipoutunga, na Mjerumani Heinrich Brode akauchapisha mwanzoni mwa karne ya 20. Tippu Tip alifariki mwaka 1905. Kwa lugha, hatuhitaji mkalimani. Lakini je, tunamsikia Mnywa Sere vizuri zaidi?

Jibu langu ni hapana, na sababu iko katika utanzu wenyewe. Tippu Tip hasimulii habari za Unyanyembe, anasimulia habari zake na za jamaa zake. Baba yake, Muhammed bin Juma, alikuwa mkazi wa sehemu za Tabora na alikuwa amemwoa Karunde wa nyumba ya Fundikira. Hivyo ugomvi wa utemi unaingia katika kitabu kupitia mlango wa baba, kama shauri la wakwe, la marafiki na la heshima ya nyumba. Mtindo wake ni mkavu. Anataja walitoka wapi, wakafika wapi, pembe zilikuwa frasila ngapi, fulani alikopa kwa nani. Hana haja ya kumpamba adui wala kumtukana. Anampa nafasi katika hesabu, halafu anaendelea na safari. Mtemi hapa ameacha kuwa jambazi wa hadithi, lakini amekuwa kikwazo cha biashara, na kikwazo hakiulizwi kinafikiri nini.

Kwa hiyo tuna waandishi wawili, utanzu mbili, na Mnywa Sere wawili. Mkasiwa, aliyeshinda, hana hata hicho kidogo. Hakuwahi kuwa mhusika wa kuvutia kwa sababu hakufanya zaidi ya kukaa alipowekwa. Nadhani hilo nalo ni funzo: kiti cha kupewa kilimpa utawala wa miaka kumi na sita, lakini hakikumpa simulizi.

Neno hongo

Hapa nataka kuleta ushahidi wa tatu, nao uko katika vinywa vyetu wenyewe. Malipo ambayo msafara ulitoa kwa mtawala ili upite katika nchi yake yaliitwa hongo. Ndivyo neno lilivyotumika katika enzi za misafara, na kamusi za zamani zinalieleza hivyo. Ilikuwa haki ya mwenye nchi. Msafara ulikunywa maji ya visima vyake, ukala chakula cha watu wake, ukalala katika ardhi yake. Kulikuwa na mabishano juu ya kiasi, kama yalivyopo mabishano ya kodi popote duniani, lakini neno lenyewe halikuwa tusi.

Leo ukisema fulani amedai hongo, umekwisha kumshtaki. Neno limehama kutoka katika haki ya mwenye nchi na kuwa jina la kosa. Najua maneno hubadilika kwa sababu nyingi, na sidai kwamba vita ya Mnywa Sere ndiyo iliyolibadilisha hili. Ninachosema ni kwamba maana tuliyobaki nayo inakaa vizuri sana na jicho la mtu aliyekuwa analipa, siyo la yule aliyekuwa anapokea. Mlipaji daima aliona anaibiwa. Mlipaji ndiye aliyekuwa na kalamu, ndiye aliyekuwa na bunduki, na mwisho wake hata lugha ikamkubalia. Watemi wakashindwa vitani, halafu wakashindwa tena katika kamusi.

Ndiyo maana nasema hili ni suala la fasihi. Mwenzetu wa historia atatuambia nani alipigana na nani. Sisi kazi yetu ni kuuliza neno limetoka kinywani mwa nani.

Tusimfanye shujaa

Wapo watakaodhani nataka Mnywa Sere apewe tamthilia ya kishujaa, kama Kinjeketile alivyopewa na Ebrahim Hussein mwaka 1969. Sina haraka hiyo. Kinjeketile alipigana na wakoloni, na mgogoro wake unajieleza. Mnywa Sere alipigana na ndugu yake na washirika wa ndugu yake, na alichokuwa anakidai ni fungu lake katika biashara ileile ya pembe na watumwa iliyokuwa inawaumiza watu wa kawaida. Hakusema biashara ikome. Alisema ilipiwe. Mpagazi aliyepigwa na kiu Mgunda Mkali hakuona tofauti kubwa kati ya Mnywa Sere na Mkasiwa.

Uhakiki wetu wa darasani una tabia ya kugawa wahusika mafungu mawili, wema na wabaya, wanyonyaji na wanyonywao, halafu kazi imekwisha. Mnywa Sere anaivuruga hesabu hiyo. Ameonewa, lakini si mnyonge. Anatetea mamlaka ya nchi yake, lakini kwa faida ya kiti chake. Naamini mhusika wa namna hii ndiye angetufaa sana katika tamthilia ya leo, maana viongozi tunaowafahamu wengi wao ni wa sampuli hii.

Hitimisho

Likizo iliyopita nilikwenda nyumbani Itigi na daftari langu. Babu yangu ni mrina asali, na lile pori ambalo Burton alilifasiri kama shamba la moto yeye analijua kwa majina. Kila mbuga ina jina, kila mlima mdogo una jina, hata mti wenye mzinga mkubwa una jina. Nikamwamkia, tukakaa, nikamsomea habari za Mnywa Sere kutoka mwanzo hadi kuuawa kwake. Alisikiliza mpaka mwisho.

Halafu akaniuliza, "Huyo mtu alikaa huku porini miaka mingapi?"

Nikamwambia inafika minne au mitano, kati ya huku na Ugogo.

"Na watu wake wenye bunduki?"

"Ndiyo, babu."

"Sasa mjukuu wangu, miaka yote hiyo alilishwa na nani? Maji ya kiangazi nani alimwonyesha? Huku mgeni hapati maji bila kuonyeshwa."

Sikuwa na jibu, na safari hii sikucheka. Katika vitabu vyote viwili Mgunda Mkali ni pori tupu, jukwaa la mtu aliyeshindwa kupita. Lakini babu ana haki. Mtu hawezi kuishi miaka katika nchi kavu namna ile bila wenyeji waliomficha, waliomuuzia mtama, waliomwonyesha kisima, au waliolazimishwa kufanya hivyo. Walikuwapo watu. Ugomvi wa kiti cha Unyanyembe uliwafikia majumbani mwao, ukala chakula chao. Hakuna msafiri aliyewauliza jina, na hakuna mfanyabiashara aliyewaandika katika hesabu.

Ndugu msomaji, mwalimu alitaka mfano wa ugomvi wa kiti kutoka nyumbani, na sasa ninao. Ila nimejifunza kwamba kutafuta nani alikuwa mtemi halali ni nusu tu ya kazi. Nusu ya pili ni swali la babu, nalo naliacha hapa kwa yeyote anayehakiki simulizi za watawala, iwe ya Makbeth au ya Mnywa Sere: walipokuwa wanagombana, nani alikuwa anawalisha?